Bastola ya stenlesi yenye madoa ya kutu: jibu kwa msomaji wa Galveston

Msomaji wetu, mzaliwa wa Tanga ambaye sasa anaishi na familia yake Galveston, Texas, ameandika hivi: "Shikamoo fundi. Baba mkwe wangu alikuwa askari polisi. Alifariki mwaka jana akatuachia mimi na mume wangu bastola yake, Smith & Wesson 5906. Tuliikuta kwenye droo, ndani ya ala yake ya ngozi. Siku zote tuliambiwa kwamba ni ya stenlesi na haishiki kutu, lakini nilipoitoa nilikuta madoa ya kahawia karibu na mpini. Nikayasugua kwa stilwaya yakatoka, na baada ya wiki mbili yakarudi mengi kuliko mwanzo. Halafu mzee mmoja kwenye uwanja wa shabaha alituambia kwamba bastola za stenlesi hujila zenyewe, na kwamba afadhali tuiuze tununue ya plastiki. Je, ni kweli? Tuiweke au tuiuze? Mume wangu ni raia, mimi nina grinikadi, na tuna mtoto wa miaka 6."

Marahaba, dada yangu, na poleni sana kwa msiba. Kabla sijasema lolote, naomba bastola hiyo iwe tupu wakati unasoma jibu hili: magazini (kile kikasha cha risasi kinachoingia mpinini) imetolewa, slaidi (kipande cha juu kinachokwenda nyuma na mbele) imevutwa nyuma, na chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, imetazamwa kwa macho na kuguswa kwa kidole. Silaha za marehemu ndizo ninazoziogopa kuliko zote zinazoletwa mezani kwangu, kwa sababu hakuna anayejua kwa hakika mwenyewe aliziacha katika hali gani. Katika miaka yangu 24 ya ufundi hapa Texas nimeletewa zaidi ya moja iliyokuwa na risasi ndani ya chemba huku mrithi akiapa kwamba haina kitu.

Sasa tuje kwenye madoa. Nimezikuza picha zako nikazitazama kwa muda mrefu, na ninachokiona ni kutu ya juujuu, haijachimba. Iko mahali pawili: ukingo wa mpini wa plastiki unapokutana na fremu, yaani mwili wa chini wa bastola, na ubavu wa slaidi uliokuwa umelalia ngozi. Bastola yenu haijaharibika. Tena sehemu kubwa ya kutu ya mara ya pili si ya bastola kabisa, ni ya stilwaya.

Jina ndilo linalowapotosha watu. Stenlesi hushika kutu, ila hushika polepole na kwa sababu zinazojulikana. Chuma kikichanganywa na kromi isiyopungua asilimia 10.5 hivi, kromi iliyo usoni huungana na oksijeni ya hewani ikafanya utando mwembamba mno usioonekana kwa macho, na utando huo ndio unaokinga chuma kilicho chini yake. Ukikwaruzwa hujiziba wenyewe, mradi uso ni safi na hewa inaufikia. Hapo ndipo ala ya ngozi ilipomponza mzee wenu. Ngozi hunyonya jasho na unyevu ikavitunza, na ndani ya jasho mna chumvi, adui mkubwa wa utando ule, kwa kuwa huutoboa vitundu vidogo vidogo. Chuma kilichobanwa ndani ya ngozi yenye unyevu kwa miaka mingi hakipati hewa ya kujiziba. Galveston nako ni kisiwa kinachopigwa na upepo wa Ghuba ya Mexico, na wewe uliyekulia Tanga huhitaji kuambiwa hewa ya namna hiyo inavyokula mabati na vitasa vya milango. Ala ni ya kubebea bastola mchana. Kuhifadhia si kazi yake, hata kama ni ala ya bei kubwa.

Stilwaya nayo ni nyuzi za chuma cha kawaida. Unapoisugua juu ya stenlesi, chembe zake hukatika na kubaki zimejipachika katika michirizi uliyoichora wewe mwenyewe, na chembe hizo, kwa kuwa hazina kromi, hushika kutu ndani ya siku chache. Ndiyo maana madoa yalirudi mengi kuliko mwanzo. Usiitumie tena. Chukua kitambaa cha pamba kilicholowa mafuta ya bunduki, uache mafuta yakae juu ya doa kwa usiku mmoja, kisha usugue kwa brashi ya nailoni, na palipogoma utumie nyuzi laini za shaba. Sugua kwa kufuata upande wa mistari ya kiwandani, usizungushe mkono, maana michirizi ya mviringo haifutiki kwa urahisi na huondoa ule mng'ao hafifu wa kijivu ambao kwangu mimi ndio uzuri wa bastola hizi. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe isiikaribie hata tone, kwa sababu klorini iliyomo hufanya kazi ileile ya chumvi, na kwa kasi zaidi.

Pengine utajiuliza mbona sufuria zako za stenlesi zinaoshwa na kuachwa zikiwa mbichi kila siku bila doa. Sufuria nzuri kwa kawaida huwa na kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 8, mchanganyiko unaostahimili maji sana lakini usiokubali kukazwa kwa moto. Bastola inahitaji chuma kinachoweza kuchomwa na kupozwa mpaka kiwe kigumu, hivyo viwanda hutumia jamii nyingine ya stenlesi, yenye kromi ya asilimia 12 hadi 14 hivi pamoja na kaboni kidogo. Katika aina inayopendwa sana kwa mitutu, ile inayoitwa 416, huongezwa pia salfa ili chuma kikatike vizuri kwenye mashine, na salfa hiyo hupunguza kidogo uwezo wa kuzuia kutu. Ukitaka kuiona tofauti hiyo hapo nyumbani, chukua sumaku: itaing'ang'ania slaidi ya bastola, na huenda isiishike kabisa sufuria. Wapo wateja waliokuja kwangu na sumaku mkononi wakilalamika kwamba wameuziwa stenlesi ya bandia, kumbe sumaku ilikuwa inawaambia kwamba chuma chao ni cha aina inayofaa. Zaidi ya hayo, si kila kipande cha bastola ya stenlesi ni stenlesi. Springi, pini nyingi na vipande vidogo vya ndani kwa kawaida ni vya chuma cha kawaida, na hivyo ndivyo vinavyotangulia kuoza.

Kuhusu yule mzee wa uwanja wa shabaha, hakuwadanganya. Alichokisema kilikuwa kweli kwa bastola za zamani, na mimi kimenifika.

Bastola yangu ya kwanza ya stenlesi ilikuwa ya risasi za .45, ya umbo lile ambalo John Browning aliwabunia wanajeshi wa Marekani likapitishwa mwaka 1911. Ilikuwa imeshatumika, na kampuni iliyoitengeneza sitaitaja. Niliinunua kwa sababu iling'aa, nikaipaka mafuta mepesi kama nilivyozoea kuzipaka bastola zangu nyeusi za chuma cha kawaida, nikaenda nayo uwanjani. Katika kasha la pili la risasi slaidi ilirudi nyuma ikasimama nusu njia. Haikwenda mbele wala nyuma. Nilitoa magazini, nikahakikisha chemba iko wazi, nikairudisha nyumbani ikiwa vilevile, na niliifungua kwa nyundo ya mbao na uvumilivu mwingi. Nilipoziweka reli, yaani njia za chuma ambazo slaidi huteleza juu yake, chini ya kioo cha kukuzia, nikaona ajabu: kwenye reli ya kushoto ya fremu palikuwa na mfereji wa urefu wa ukucha, na chuma kilichotoka kwenye mfereji huo kilikuwa kimegandamana upande wa ndani wa slaidi, kama ugali uliogandia mwiko. Hapakuwa na uchafu, hapakuwa na mchanga. Chuma kilikuwa kimelana na chuma.

Hilo hutokea kwa sababu ya utando uleule unaozuia kutu. Vipande viwili vya stenlesi ya aina moja na ugumu mmoja vinaposuguana kwa nguvu bila grisi ya kutosha, tando zao hupasuka, chuma kitupu kinakutana na chuma kitupu, na kwa muda mfupi sana vinajaribu kuwa kitu kimoja. Kisha slaidi inavutwa na vinachanana. Bastola ya silinda, ile ambayo risasi zake hukaa kwenye silinda inayozunguka, haina tatizo hilo kwa kiasi kikubwa, maana haina slaidi nzito inayokwenda na kurudi juu ya reli kwa kasi, na ndiyo sababu Smith & Wesson waliweza kuuza bastola ya silinda ya stenlesi, Model 60, tangu mwaka 1965, ilhali za magazini zilichelewa. Auto Mag, ile bastola kubwa iliyotoka Pasadena, California, mwaka 1971, ilikuwa ya stenlesi. Kampuni ya AMT walitoa Hardballer mwaka 1977, bastola ya umbo la 1911 iliyokuwa stenlesi tupu, na huko Seattle Detonics wakatengeneza yao fupi. Randall wa Sun Valley, California, walizitengeneza kati ya mwaka 1983 na 1985, pamoja na toleo la watu wa mkono wa kushoto ambalo leo wakusanyaji wanalisaka sana. Kila mmoja wa waanzilishi hao alilipa ada ya shule kwa namna yake, na sisi tulionunua mapema tulichangia ada hiyo.

Dawa ilipatikana, na si ya siri. Slaidi na fremu zilianza kutengenezwa kwa mchanganyiko tofauti au kukazwa kwa ugumu tofauti ili kimoja kisimng'ang'anie mwenzake, nyuso za reli zikalainishwa zaidi, na wenye bastola wakafundishwa kutumia grisi badala ya kuridhika na tone la mafuta mepesi. Ruger Mark II ya stenlesi, ya risasi ndogo za .22, ilifika madukani katika miaka ya 1980, na yangu inapiga mpaka leo. Smith & Wesson walipitia 659, kisha wakaleta 645 ya .45 mwaka 1985, na mwishoni mwa muongo huo wakatoa kizazi cha tatu cha bastola zao, ambacho yenu ni mmoja wa watoto wake. Kwa hiyo bastola ya baba mkwe wako ilizaliwa baada ya somo hilo kueleweka.

Namba iliyochongwa ubavuni inakwambia ni nini ulichonacho. Tarakimu mbili za mwanzo, 59, ni bastola ya milimita 9 ya umbo kamili yenye magazini pana. Sifuri inayofuata ni ya mtambo wa kawaida wenye kitasa cha usalama kwenye slaidi. Sita ya mwisho ndiyo stenlesi, slaidi na fremu. Ingekuwa 5903, slaidi ingekuwa ya stenlesi na fremu ya alumini. Ingekuwa 5904, ingekuwa nyeusi, yenye slaidi ya chuma cha kawaida juu ya alumini. Bastola za familia hii zilikuwa kazi ya askari kwelikweli: polisi wa barabara kuu za California walibeba 4006 tangu mwaka 1990, na polisi wa kitaifa wa Kanada walibeba 5946. Hazikuacha kubebwa kwa sababu zilijila. Bastola za fremu ya plastiki, zikiongozwa na Glock, ambayo jeshi la Austria lilikuwa limeichagua mwanzoni mwa miaka ya 1980, zilikuwa nyepesi zaidi na nafuu zaidi kutengeneza, na idara moja baada ya nyingine zikahamia huko.

Mimi nina 5906 niliyoinunua mwaka 2003, iliyorudishwa dukani na idara ya polisi. Nje ilikuwa imechakaa kwa kusuguana na ala na milango ya gari, ndani ilikuwa karibu mpya. Bastola nyingi za askari huwa hivyo, kwa sababu hubebwa kila siku na kupigwa mara chache kwa mwaka, na sitashangaa ya mzee wenu ikiwa hivyohivyo. Katika daftari langu imeshapiga zaidi ya risasi 14,000. Nimebadilisha springi ya slaidi kila baada ya risasi 3,000 hadi 5,000, na springi za magazini zilipolegea. Reli zake ukizipitisha kidole ni laini kama bakuli la kaure.

Wewe pia ufanye kama ninavyofanya. Kila unapoisafisha, futa reli zikauke kabisa, kisha weka grisi ya bunduki kiasi cha punje ya mchele kwenye kila reli, uipake kwa kidole mpaka uone weupe hafifu tu. Weka nyingine kama hiyo sehemu ya nje ya mdomo wa mtutu, pale unapopita ndani ya slaidi, maana hapo nako stenlesi inasugua stenlesi. Vuta slaidi mara kumi, utazame grisi imefutika wapi. Palipofutika ndipo panapobeba mzigo. Ndani ya chemba na ndani ya mtutu paache pakavu. Kama bastola imekaa droo miaka miwili bila kupigwa, grisi ya zamani itakuwa imeganda, na usiipige kabla hujaifuta yote.

Mpini usiufungue mwenyewe. Katika kizazi hiki ni kipande kimoja kinachozunguka fremu, na nyuma yake kuna springi ya nyundo iliyobanwa ambayo inaweza kuruka usoni. Nina hakika chini yake kuna chumvi na jasho la mzee la miaka mingi, kwa hiyo mpelekee fundi mwenye leseni aufungue, asafishe, apake mafuta, na abadilishe springi zote kwa pamoja. Springi si ghali, na kwa kuwa kampuni haitengenezi tena bastola hizi, ni vyema ukanunua na akiba. Magazini zilizotengenezwa kati ya mwaka 1994 na 2004 kwa soko la raia zilikuwa za risasi 10 kwa sababu ya sheria ya shirikisho iliyokuwapo wakati huo. Za risasi 15 ndizo za asili, na bado zinapatikana.

Mambo mawili ya mtambo wake uyajue kabla hujaenda uwanjani. Kwanza, mvuto wa kwanza wa kifyatulio ni mrefu na mzito, na inayofuata ni mifupi na mepesi. Anayeanza hushtuka kwenye risasi ya pili, akapiga kabla hajajiandaa. Jifunze na mwalimu, bastola ikiwa tupu, mpaka kidole kizoee safari zote mbili. Pili, kitasa kilicho kwenye slaidi ukikishusha, nyundo huanguka bila kupiga pini inayofyatua risasi, na hiyo ndiyo njia ya kuishusha nyundo. Usiishushe kwa kidole gumba. Kiwandani iliwekewa pia kizuizi kinachofanya isifyatuke magazini ikiwa nje. Usikitegemee, kwa sababu wapo wenye bastola walioviondoa vizuizi hivyo, na kwa kutazama nje huwezi kujua kama mzee alikuwa mmoja wao.

Tuiweke au tuiuze, umeuliza. Ningekuwa mimi, ningeiweka, na sababu yangu si ya heshima kwa marehemu peke yake. Ikiwa tupu ina uzito wa zaidi kidogo ya kilo 1, ilhali Glock 17 tupu haifiki gramu 750. Uzito huo unachosha kiunoni kuanzia asubuhi hadi jioni, lakini kwa mtu anayeiweka nyumbani na kwenda nayo uwanjani ni faida tupu: inatulia mkononi, teke lake la milimita 9 ni dogo, na mtu asiye na mazoea huirudisha shabahani haraka. Kasoro moja inayoweza kubadili shauri langu ni ukubwa wa mpini. Ishike ikiwa tupu, uweke kidole kwenye kifyatulio wakati nyundo iko chini. Kama kinafika kwa ncha tu na lazima uupinde mkono ili ufike, basi si bastola yako, iwe ya mume wako, nawe utafute ya magazini nyembamba.

Kwa sheria ya shirikisho, mwenye grinikadi anaruhusiwa kumiliki silaha. Wenye viza za muda, kwa jumla, hawaruhusiwi isipokuwa kwa masharti maalumu, kwa hiyo mgeni anayewatembelea kutoka nyumbani msimkabidhi hata kwa picha. Texas inamtia hatiani mtu ambaye kwa uzembe ameiacha bunduki iliyo tayari kufyatuka mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia. Wako ana miaka 6. Droo basi iwe mwisho leo. Nunueni kasha la chuma lenye kufuli, dogo la kukaa kabatini linatosha, muweke ndani kifuko cha kunyonya unyevu na kukibadilisha kila msimu wa joto unapoanza, na risasi ziwe na kufuli lake peke yake. Ala ya ngozi msiitupe. Ifuteni, muianike kivulini, muitundike mahali pengine kama kumbukumbu ya mzee.

Fundi akishamaliza, piga nayo risasi 100, uifute bila kuipaka grisi mpya, kisha unitumie picha ya reli zote mbili za fremu. Simama karibu na dirisha asubuhi, mwanga uje kwa ubavu, usitumie taa ya simu kwa sababu huficha mikwaruzo. Mistari iliyonyooka na kung'aa ni ya kawaida. Ukiona sehemu imepoteza mng'ao na ukucha unakwama ukiipitisha, usipige tena mpaka tuwe tumezungumza.